Sura na Maandishi: Habari za Sarafu za Dhahabu za Pwani Yetu

Mwezi huu nimeona vema kuwaandikia habari za sarafu za dhahabu zilizopata kupigwa au kutumika katika pwani yetu, kwa sababu limetokea jambo hapa kwetu Tongoni ambalo yafaa kila mtu alijue, asije akapatwa na hasara ile ile.

Siku moja baada ya sala ya jioni, mzee mmoja wa kanisa letu alinifuata nyumbani. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Akaketi mkekani, akatazama mlangoni mara mbili kama mtu aogopaye kusikiwa, kisha akafungua pindo la shuka yake, akatoa kitu cha duara, cha rangi ya manjano, akakiweka mkononi mwangu.

"Mwalimu," akasema, "wewe umesoma. Nitazamie hii. Nimeambiwa ni dhahabu ya Mdachi, imetoka chini ya kaburi la nguzo, huko magofuni. Nimeuza mbuzi wangu wawili nikaipata. Na huyo aliyeniuzia asema ziko nyingi, naye anatafuta watu wa kuchimba."

Nikaigeuza ile sarafu karibu na taa. Upande mmoja palikuwa na taji, na herufi D.O.A., na mwaka 1916. Upande wa pili pameandikwa 20 HELLER, na herufi T. Moyo wangu ukahuzunika, maana nilijua mara moja kuwa haikuwa dhahabu, bali shaba ya manjano. Sikuweza kumficha. Alinyamaza kitambo kirefu, akiitazama mikono yake. Kisha akaniuliza, "Basi, mwanangu, dhahabu ya kweli huwaje?"

Sikuweza kumjibu yote usiku ule. Nimeyaandika hapa niliyomwambia siku zilizofuata, ili nanyi mpate kuyajua.

ASILI YA DINARI

Sarafu ni kama barua fupi iliyoandikwa juu ya madini. Wote twakumbuka katika Injili jinsi Bwana wetu alivyojaribiwa kwa habari ya kodi. Alitaka kuonyeshwa dinari, na kabla ya kujibu neno aliwauliza wale waliomjaribu sura iliyokuwa juu yake ni ya nani, na maandishi ni ya nani. Hakuuliza thamani yake, wala uzito wake. Aliwataka wasome kilichoandikwa. Nasi tukiishika sarafu ya kale, yatupasa kuanza na swali hilo hilo: sura hii ni ya nani, na mkono ulioichora ulijifunza wapi?

Dinari ile ya Injili ilikuwa ya fedha, na watu wa elimu hudhani kuwa ilikuwa na kichwa cha Kaisari Tiberio. Jina lake ni la Kirumi. Dola ya Rumi ilipohamisha makao yake makuu Konstantinopoli, makaisari wa huko, waliokuwa Wakristo, walipiga sarafu nzuri za dhahabu, zenye sura ya Kaisari upande mmoja na mara nyingi msalaba upande wa pili. Sarafu hizo zilikwenda mbali sana, hata Shamu na Misri. Waarabu walipoziteka nchi hizo katika karne ya 7, hawakuzitupa zile fedha. Walizitumia, wakaziita dinari, jina lile lile la Warumi.

Hapo mwanzo walipopiga dhahabu yao wenyewe waliiga mchoro wa Wakristo, ila waliukata msalaba, ukabaki mti uliosimama juu ya ngazi. Hata ulipofika mwaka wa 77 wa Hijra, yaani kama 696 au 697 kwa hesabu yetu, Khalifa Abd al-Malik akaamuru sanamu zote ziondolewe, pasiwepo kitu juu ya dinari ila maandishi matupu ya imani yao, na mwaka. Kwa miaka mingi baada ya hapo, dhahabu nyingi za Waislamu zikafuata kawaida hiyo. Urembo wake haukuwa wa nyuso wala wanyama, bali wa mwandiko.

Nilipofika hapo yule mzee alisema, "Kumbe dinari ya Waarabu na dinari ya Injili ni ndugu!" Ndivyo ilivyo. Ni ndugu kwa jina, ijapokuwa nyumba zao zilitengana.

DINARI ZA KILWA

Dinari hizo zilifika kwetu kwa majahazi ya kaskazi. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Zile za fedha zilipigwa na wafalme wa pwani hii hii. Majina yao yameandikwa, lakini hazina mwaka. Zile za dhahabu zina mwaka. Kwa kuwa zilikutwa pamoja, wataalamu waliweza kujua kuwa wafalme wetu walikwisha kupiga fedha zao katika karne ya 11. Lishikeni sana jambo hili, maana nitalirudia mwishoni: kama mtu angalichukua dhahabu peke yake usiku akaenda kuiuza, zile za fedha zingalibaki bubu hata leo.

Sarafu hizo za pwani zina uzuri wake. Upande mmoja limeandikwa jina la mfalme na la baba yake. Upande wa pili limeandikwa neno la kumtegemea Mungu. Na maneno ya pande zote mbili yanaishia kwa kina kimoja, kama vile mishororo ya shairi. Basi mtu akisoma upande wa kwanza kisha akageuza, amesoma shairi fupi kabisa. Sisi watu wa pwani twapenda vina tangu zamani, na hapa twaona kuwa hata pesa ya sokoni iliimba.

Kilwa walifuata mtindo huo karne nyingi. Pesa zao za shaba nyekundu zilikuwa nyingi sana, nazo zimeokotwa kwa maelfu Kilwa na Mafia. Moja ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Lakini dhahabu ya Kilwa ni adimu mno. Mwaka 1991 mtaalamu wa sarafu, Bibi Helen Brown, alichapisha habari za dinari tatu tu, zenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa mwanzo wa karne ya 14. Huyu ndiye aliyejulikana kwa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alimkuta Kilwa mwaka 1331. Dhahabu ya Kilwa ilitoka Sofala, nayo Sofala iliipata kwa watu wa bara, waliochimba na kuchekecha mchanga wa mito.

Hebu fikirini: mji uliokuwa mlango wa dhahabu yote hiyo, na dinari zake zilizojulikana wakati huo zikawa tatu! Nyingine zilikwenda wapi? Dhahabu haiozi wala haishiki kutu. Huyeyushwa. Ikiyeyushwa, jina na kina na dua vyote hupotea motoni.

WARENO NA DHAHABU YA KILWA

Twajua habari ya dhahabu moja iliyoyeyushwa, nayo inatuhusu sisi Wakristo. Vasco da Gama alipita pwani yetu mwezi wa Aprili 1498. Karibu na hapa petu, ambapo zamani paliitwa Mtangata, merikebu yake moja iitwayo São Rafael ilipanda juu ya mwamba usiku, hata maji yalipojaa ikaelea tena. Wareno wakaupa mwamba ule jina la merikebu yao, na milima waliyoiona upande wa bara wakaiita jina hilo hilo. Ni milima ya Usambara. Mwezi wa Januari 1499, waliporudi kutoka Bara Hindi, mabaharia wengi walikuwa wamekufa, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Basi waliichoma moto São Rafael papa hapa. Watu wa Mtangata wakawaletea kuku, wakawauzia.

Hao watu wa Mtangata ndio waliojenga msikiti na makaburi tunayoyaona leo. Jina la Tongoni lenyewe latoka katika neno tongo, maana yake mahame.

Mwaka 1502 da Gama alirudi na merikebu nyingi za vita. Akaingia Kilwa, akamtisha Amiri Ibrahim, mwenye mji, akamlazimisha kutoa ushuru wa dhahabu kwa Mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ikapelekwa Lisbon, na Mfalme Manuel akaamuru ifanywe chombo kitakatifu cha kuonyeshea Sakramenti, kwa ajili ya nyumba ya watawa huko Belém. Kilimalizika mwaka 1506, na sonara wake yasemekana kuwa ni Gil Vicente. Chombo hicho kipo hata leo katika nyumba ya makumbusho ya Lisbon. Ni kazi ya ajabu: mitume wamepiga magoti kukizunguka, kila mmoja na sura yake. Na chini katika tako lake yameandikwa maneno yatajayo kuwa dhahabu ile ni ya ushuru wa Kilwa.

Yule mzee aliposikia hayo alitikisa kichwa. Alisema, "Mwalimu, Mungu hapendezwi na sadaka ya kupokonya." Sikuwa na neno la kuongeza. Ila nilimwambia kuwa yule sonara, au yule mfalme, alifanya jambo moja la haki: hakulificha jina la Kilwa. Kwa sababu ya maandishi yale, sisi leo twajua kilichotendeka.

RIALE YA UNGUJA

Baada ya hapo miaka mingi pwani ilitumia fedha za kigeni. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa riale ya fedha yenye sura ya mwanamke, Maria Theresa, malkia wa Austria. Alikufa mwaka 1780, na riale zilizopigwa baadaye ziliendelea kuandikwa mwaka ule ule, kwa maana watu wa nchi za Bahari ya Shamu na za pwani hawakukubali nyingine. Walikuwa wamekwisha kuijua sura ile, wakaiamini.

Kisha Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alitaka fedha yenye jina lake. Akaagiza zipigwe Ulaya riale za fedha, na pamoja nazo dhahabu za riale tano na za riale mbili na nusu, zenye mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882. Hizo za dhahabu ni chache mno, na wakusanyaji huzitafuta sana. Hazina sanamu, ila mwandiko wa Kiarabu wa kupendeza, kwa desturi ile ile iliyoanzishwa na Abd al-Malik miaka zaidi ya elfu moja na mia kabla yake. Lakini pesa yake ya shaba ilikuwa na mchoro wa mizani. Mizani hiyo ilikuwa juu ya pesa za Kampani ya Waingereza huko Bombay kabla ya kufika Unguja, na maana yake ni haki. Hata jina la pesa lilitoka Bara Hindi. Na rupia vilevile.

NDOVU WA TABORA

Sasa nafika kwenye dhahabu ambayo yule mzee alidhani ameipata.

Kampani ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, ilianza kupiga fedha zake kwa ajili ya nchi hii mwaka 1890. Rupia yao ilikuwa na kichwa cha Kaisari Wilhelm II mwenye kofia ya chuma, na upande wa pili simba chini ya mnazi. Pesa yao ya shaba ilikuwa na tai upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu, kwa kuwa walijua watu wa pwani walisoma herufi hizo. Mwaka 1904 serikali yao ikaishika kazi ya fedha yenyewe, na rupia ikagawanywa kuwa Heller 100. Neno hilo hatukuliacha mpaka leo: kila tunaposema hela, twasema Kidachi.

Fedha zote hizo zilipigwa Ujerumani zikaletwa kwa meli. Vita ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari. Hapa Tanga wenyewe palipiganwa mwezi wa Novemba mwaka ule. Serikali ya Wajerumani ikawa na askari wa kulipwa na vyakula vya kununuliwa, lakini fedha mpya haiji. Wakachapa noti za karatasi humu humu nchini, na watu wengi wakazitilia mashaka. Basi mwaka 1916 wakaamua kupiga fedha wenyewe Tabora, kwa mitambo ya karakana ya gari la moshi.

Walipiga namna tatu. Heller 5 na Heller 20, hizo zilikuwa za shaba, na husimuliwa kuwa shaba nyingine ilitoka katika maganda ya risasi na mizinga. Zilipigwa kwa wingi sana. Ya tatu ilikuwa ya dhahabu, rupia 15, iliyolingana na mark 20 za Ujerumani. Dhahabu yake ilichimbwa Sekenke, katika nchi ya Iramba. Sehemu tatu katika nne ni dhahabu halisi, na iliyobaki ni madini ya kuchanganya. Zilipigwa 16,198 tu, za aina mbili zinazotofautiana kidogo sana katika urembo wa pembeni: 9,803 za aina moja na 6,395 za nyingine.

Tuisome sasa. Upande mmoja yuko tai wa Kaisari mwenye taji, na jina la nchi kwa Kijerumani, na chini yake 15 RUPIEN. Mchoro wa tai ulitoka Ulaya, ni alama ya utawala iliyorithiwa tangu zamani za Warumi. Lakini geuza. Upande wa pili yuko ndovu ameinua mkonga wake kama apigaye baragumu, na nyuma yake milima. Chini yake ni mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Milima hiyo wengi husema ni Kilimanjaro, na wengine husema ni Usambara yetu, tuionayo upande wa bara siku mawingu yakiwa machache.

Vitabu vya wakusanyaji vyasema kuwa mchoro huo ulitungwa na Mjerumani aitwaye R. Vogt, na mihuri ya chuma ya kupigia ikachongwa na sonara mmoja wa Kisinhala, mtu wa kisiwa cha Ceylon, kinachoitwa siku hizi Sri Lanka. Jina la Mjerumani limehifadhiwa. La sonara sijaliona kuandikwa popote, naye ndiye aliyeishika tindo, akaikata mikunjo ya ngozi ya ndovu kinyumenyume katika chuma, ili sarafu ikipigwa itoke sawasawa. Katika nchi yake mwenyewe ndovu hutembea mbele ya maandamano ya ibada, wamevikwa nguo za thamani. Nafikiri mkono wake ulimjua ndovu kabla ya kufika Tabora. Basi katika kipande kidogo cha dhahabu, upana wake milimita 22 tu, zimekutana Sekenke, Berlin na Ceylon, na ndovu wa Afrika amesimama katikati.

Mnamo tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Kazi ile ikaisha, na dhahabu zile zikatawanyika. Leo hukusanywa Ulaya na Marekani, na zikitokea mnadani hununuliwa kwa fedha nyingi. Kwa ajili hiyo walaghai wamezighushi pia. Asiyeweza kuipima na kuisoma, hata akiwa tajiri wa Ulaya, huweza kudanganywa kama mzee wetu.

JINSI YA KUTAMBUA

Basi dhahabu ya kweli ya Mdachi huwaje? Ina ndovu. Ina tai. Imeandikwa 15 RUPIEN. Ni ndogo, kama nilivyosema, lakini ni nzito kwa udogo wake, gramu 7 na kitu. Ile ya taji na D.O.A. yenye 20 HELLER ni pana zaidi, na rangi yake ya manjano ikiwa mpya au ikisuguliwa kwa majivu humeta sana. Lakini ni shaba. Mwandishi wake hakutaka kumdanganya mtu. Aliandika wazi Heller 20, yaani sehemu ya tano ya rupia. Sarafu ilisema kweli siku zote. Aliyesema uongo ni mtu aliyeishika.

Nilipomweleza mzee hayo, aliichukua ile sarafu, akapitisha kidole juu ya maandishi, herufi moja moja. Akasema, "Kumbe iliniambia, nami sikuisikia." Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na huko makaburini, mwalimu, hakuna kitu?"

Hapa ndipo penye uzito wa jambo langu, wasomaji. Katika nchi yetu wapo watu wengi waaminio kuwa Wajerumani walifukia mali kila mahali, nao wanachimba chini ya mibuyu, chini ya nyumba za kale, na chini ya makaburi. Tongoni ina makaburi ya kale yapata arobaini, na baadhi yake yana nguzo. Zamani nguzo hizo zilipambwa kwa mabakuli ya kigeni, na leo mashimo ya duara ndiyo yanayoonyesha mahali yalipokuwa. Walozikwa humo walikufa karne nyingi kabla Mdachi hajazaliwa. Mdachi alipigaje fedha Tabora mwaka 1916, akaja kuizika chini ya kaburi la mtu wa Mtangata pasipo kuvunja hata chokaa yake? Akili yenyewe yakataa.

Nami nilimjibu mzee hivi: "Baba, vimo vitu. Imo mifupa ya watu waliotutangulia, nayo yangoja ufufuo kama mifupa ya baba zetu." Akasema, "Amina." Na neno hilo lilitosha, kwa maana ijapokuwa waliozikwa pale walikuwa Waislamu na sisi ni Wakristo, heshima ya kaburi ni moja. Nani kati yetu angependa mtu aje na jembe kwenye kaburi la mama yake?

Tena kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba magofu na kutafuta vitu vya kale pasipo kibali cha serikali, na mtu akikuta kitu kama hicho kwa bahati, shambani au ufukoni, imempasa kutoa habari. Wako wadhanio kuwa sheria hii ni choyo ya serikali. Sivyo. Kumbukeni zile sarafu za Mtambwe. Dhahabu ilizisemea za fedha kwa sababu zote zilikutwa mahali pamoja, na wajuao kusoma wakazisoma pamoja. Kitu cha kale kikitolewa gizani, kikauzwa Tanga mjini kwa mtu asiyetaja jina lake, chaweza kuwa na bei, lakini hakina ushahidi tena.

Kwa hiyo nawasihi mambo manne. La kwanza, usinunue sarafu ya manjano kwa mtu apitaye njia, hata akiapa. La pili, usichimbe kaburi wala gofu, wala usimwongoze mgeni mahali hapo kwa ajili hiyo. La tatu, ukiokota kitu cha kale usikisugue kwa majivu wala kwa ndimu, usikipeleke kwa sonara. Weka alama mahali ulipokiona, upeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji, naye aarifu ofisi ya Mambo ya Kale. La nne, wafundisheni watoto kusoma si vitabu tu, bali na vitu: nguzo, bakuli, sarafu, jiwe lenye maandishi.

Yule mzee hakuwapata tena mbuzi wake. Mtu aliyemwuzia aliondoka kabla hatujamwona. Lakini Jumamosi iliyofuata mzee mwenyewe alikwenda mpaka kwa vijana waliokuwa wamekwisha kukubali kazi ya kuchimba, akawaketisha chini ya mwembe, akawatolea ile Heller yake, akawaambia, "Someni." Mmoja wao, aliyemaliza shule, akasoma kwa sauti hata mwisho. Wakacheka, kisha wakanyamaza, wakarudisha majembe nyumbani.

Sarafu ile sasa iko shuleni kwetu, imefungwa katika kikasha chenye kioo, kwa amri ya mwenyewe. Chini yake nimeandika mahali ilipopigwa na mwaka wake. Wanafunzi wakiniuliza thamani yake ni nini, mimi huwaambia ilinunuliwa kwa mbuzi wawili, na hapo ndipo huanza kuwahadithia.